Kobaye anapohamia chumba kipya: mwongozo kamili kwa sisi wa Bukavu

Tulipotoka Cimpunda kwenda Bagira, nilifanya usafi ambao hadi leo unaniuma. Niliosha kizimba cha kobaye wetu (wale wanyama wadogo wa kufugwa, guinea pig) kwa sabuni na maji ya moto, nikatupa nyasi zote za zamani, nikachoma na lile gunia walilokuwa wanalalia. Nilitaka waanze upya mahali pasafi. Walikuwa wanne. Wakajibana kwenye pembe moja ya kizimba, kimya kabisa, hata masikio hayatikisiki. Nikawaambia watoto, "Muangalie, banatulia sasa." Mama mmoja jirani, mtu mzima aliyefuga tangu utoto wake, alichungulia akasema, "Hii haiko usingizi, ni bwoga." Sikumsikiliza. Siku ya tatu asubuhi jike mwenye mimba alikuwa amekufa, na nilipofungua nyasi nilizoweka juzi yake nilikuta hazijaguswa.

Tangu hapo nimehamisha kobaye mara nyingi: wa kwangu, wa ndugu, wa majirani wanaobadilisha nyumba, na wa familia zinazotaka kuwatoa jikoni na kuwapa chumba chao. Ninayoandika hapa ndiyo ninayoyafanya sasa, kwa mpangilio ninaoufuata.

Kwanza mjue mnyama mwenyewe

Kobaye, ambaye wengi kwetu wanamwita dende, asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Watu wa kule walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Si mpiganaji, hapandi miti, hachimbi shimo lake. Anapoogopa ana njia mbili tu: akimbilie maficho, au agande palepale alipo ili adui asimwone. Kobaye aliyeganda anafanana sana na kobaye aliyetulia, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika.

Jambo la pili ni tumbo lake. Utumbo wa kobaye unasukumwa na chakula kinachofuata. Asipokula, kilichomo ndani kinasimama, gesi inajaa, maumivu yanamzuia kula zaidi, na mzunguko huo unaweza kumuua ndani ya siku mbili tatu. Kwa hiyo ukimhamisha, usijiulize kama ametulia. Jiulize mambo matatu: anakula? Ananya? Uzito wake umebaki pale pale? Hatua zote zinazofuata zinalenga hayo matatu.

Chagua pembe wiki moja kabla

Ingia kwenye chumba kipya, funga mlango, chuchumaa mpaka kichwa kiwe karibu na sakafu, ukae hivyo dakika kumi. Utasikia na kunusa vitu ambavyo ukisimama huvioni. Upepo unaopita chini ya mlango. Harufu ya panya. Kishindo cha watu wanaopita kwenye ngazi ya nje.

Kisha pitisha kiganja ukutani. Nyumba nyingi za Bukavu zimechimbwa ndani ya mlima, na ukuta wa nyuma, ule unaoegemea udongo, hutoa jasho msimu mzima wa mvua. Hapo usiweke kizimba hata kama ndipo penye nafasi. Kobaye anashikwa haraka na ugonjwa wa mapafu, na unyevu ukichanganyika na baridi ya sakafu ya sementi unamfungulia mlango. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mitaa mingi iko juu zaidi ya hapo. Usiku wa Juni na Julai kila mtu anatafuta blanketi, basi na yeye pia. Nyanyua kizimba kwa matofali mawili, kisiguse sakafu, na kiwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja.

Joto nalo lina hatari yake. Yeye anajisikia vizuri kati ya nyuzi 18 na 24 hivi. Chumba chenye manjanja (mabati) bila plafo (dari) kinaweza kupita nyuzi 28 saa nane mchana, na hapo anaanza kuhema huku amelala ubavu. Usimweke mahali ambapo jua la dirishani linampiga moja kwa moja.

Manjanja yana shida nyingine inayosahaulika: mvua. Kuanzia Septemba hadi Mei tunaijua ile mvua inayonyesha mpaka watu ndani ya nyumba hawasikilizani. Kobaye aliyezoea jikoni kwenye paa la nyasi au chini ya plafo akikutana na kelele hiyo usiku wake wa kwanza, atapigapiga kuta za kizimba mpaka aumie. Kama chumba hakina plafo, funika nusu ya kizimba kwa gunia nene au blanketi la zamani, nusu nyingine ibaki wazi hewa ipite. Nimeona pia kwamba kizimba kilicho chini ya kitanda kirefu au meza nzito kinapokea kelele kidogo zaidi.

Chumba chenye mbabula (jiko la makaa) kiache kabisa. Moshi wa makala (makaa) unachoma mapafu madogo kama hayo, na ile hewa yenye sumu isiyonuka ambayo makala hutoa penye madirisha yaliyofungwa haichagui kati ya mnyama na mtoto aliyelala hapohapo. Anayemtoa kobaye jikoni ili awe na afya, kisha akamwashia mbabula chumbani kwa sababu ya baridi, amemrudisha alikotoka.

Mwisho, maadui. Paka akipata njia ya kuingia usiku, hata kama hafiki ndani ya kizimba, harufu yake tu inatosha kuzuia kula. Panya wa nyumba za mbao huja kuiba chakula, huacha mkojo wenye magonjwa, na huua vitoto. Ziba matundu yote ya chini. Na kwa wanaokaa karibu na bustani: siafu. Mnyama aliye huru hukimbia siafu, aliyefungiwa hawezi. Kama kizimba kina miguu, simamisha kila mguu ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo juu yake, na uangalie makopo hayo kila jioni wakati wa mvua.

Kizimba

Kwa kobaye wawili, sentimita 120 kwa 60 za sakafu ndiyo chini kabisa, kila anayeongezeka ongeza nafasi. Urefu wa kuta sentimita 40 unatosha kwa sababu si mrukaji, lakini weka mfuniko wa waya kwa ajili ya paka na panya. Usimpe ghorofa wala ubao wa juu wakati huu wa kuhama. Anapima kina vibaya kwa macho, na akishtuka ataruka na kuvunjika mguu. Sakafu iwe ya mbao au plastiki, isiwe waya mtupu: waya unamtoboa nyayo, vidonda vinavimba na haviponi upesi.

Juu ya sakafu tandika maranda makavu kutoka kwa seremala. Chukua yale mapana yanayojikunja, usichukue unga wa msumeno, maana vumbi lake linaingia puani. Uliza ubao ulikuwa umepakwa dawa au la. Maranda mabichi yenye harufu kali ya utomvu, anika kwanza juani siku kadhaa. Juu yake weka nyasi kavu nyingi.

Sasa maficho, na hapa naomba usiwe bahili. Kila kobaye awe na nyumba yake, na iongezwe moja ya ziada. Katoni iliyogeuzwa inafaa, kibuyu kilichokatwa, hata bidoni ya lita tano iliyosuguliwa makali. Lakini kila nyumba iwe na milango miwili. Nyumba ya mlango mmoja inageuka mtego: dume mkubwa anasimama mlangoni, mdogo anabaki ndani hali wala hanywi, na wewe unadhani anapenda kujificha.

Siku saba kabla ya kuhama

Usioshe kitu chochote kitakachosafiri nao. Hilo ndilo kosa langu la Bagira. Kobaye anajua nyumbani kwa pua, na harufu yake mwenyewe na ya wenzake ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni pangu. Weka akiba ya gunia walilolalia na viganja viwili vitatu vya nyasi chafu kiasi, zenye mkojo lakini hazijaoza. Nyumba zao za katoni ziende vilevile zilivyo.

Wapime uzito. Mizani ya dukani inayopima unga inatosha, mwombe mwenye duka, umweke mnyama ndani ya beseni dogo. Mkubwa kwa kawaida huwa kati ya gramu 700 na 1,200, ingawa wa kwetu wengi ni wadogo zaidi. Usitafute namba nzuri, tafuta ya kulinganishia. Andika kwenye daftari: jina au rangi, tarehe, gramu.

Angalia majike. Mimba ya kobaye huchukua kati ya siku 59 na 72, na wiki za mwisho tumbo linapanuka pande zote kama amebeba mfuko. Jike aliyefika hapo akishtuka na kuacha kula hata siku moja anaweza kuingia kwenye sumu ya mimba, na ni wachache wanaotoka humo. Kama unaweza kungoja azae, ngoja. Kama mwenye nyumba amekwisha kutaka funguo zake, basi yeye ahamishwe mwisho, na mtu mmoja apewe kazi ya kumwangalia yeye tu.

Kusanya pia majani watakayokula siku tatu za kwanza, yaleyale waliyozoea. Sehemu mpya ina mimea mipya, na si wakati wa kujaribu.

Siku ya safari

Saa kumi na mbili hadi moja asubuhi ndiyo saa yangu. Hakuna jua, hakuna foleni, na wanapata mchana mzima kuzoea kabla ya usiku.

Tumia katoni ngumu yenye matundu pembeni, chini gunia lao, juu yake nyasi. Wanaoishi pamoja wasafiri pamoja, wawili kwa katoni. Chombo cha maji kitamwagika na kuwalowesha, kwa hiyo weka vipande vya tango na majani mabichi, vinatosha kwa safari ya mji mmoja. Kumshika, weka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, umbebe akiwa ameegemea mwili wako. Usimnyanyue kwa ngozi ya shingo.

Nimeona watu wakiwabeba ndani ya mfuko wa sandarusi uliofungwa juu, wakining'inia kwenye usukani wa taksi-moto kutoka soko la Kadutu. Wengi hufika hai, ndiyo, kisha hufa nyumbani siku ya pili na watu wanasema mnyama huyu ni dhaifu. Kwenye taksi-moto, kaa nyuma ya dereva, katoni iwe mapajani kati yenu wawili, uishike kwa mikono miwili, na umwombe dereva apunguze kwenye mashimo. Kwenye gari, weka miguuni, usiweke kwenye buti.

Saa za kwanza

Kizimba kiwe tayari kabla hamjafika: gunia la zamani ndani ya maficho, nyasi chafu kidogo zimetawanywa juu ya maranda mapya, maji, chakula mahali pawili. Weka katoni ndani ya kizimba, ufungue ubavu mmoja, uondoke. Usiwatoe kwa mkono. Watatoka wenyewe, labda baada ya dakika tano, labda baada ya saa tatu.

Funga mlango wa chumba. Watoto watalia wanataka kuona, na majirani watakuja kusalimia nyumba mpya. Wote wangoje kesho. Redio izimwe. Ukihitaji kuingia, ongea kwa sauti ya chini kabla hujafungua mlango, ili wakujue kwa sauti wala wasistuke kwa mlango.

Jioni, kabla ya kulala, hesabu. Kabla ya kuondoka uliweka kiasi gani cha majani, sasa kimebaki kiasi gani? Kuna kinyesi kipya? Punje za kobaye mzima ni ndefu kidogo, laini nje, zinalingana. Ukikuta chache, ndogo na kavu, anakula kidogo. Ukikuta hakuna hata moja, usilale bado, soma sehemu ya hatari hapa chini.

Siku tatu za mwanzo, kisha wiki ya pili

Siku tatu hizi kazi yako ni chakula, maji na kukaa. Nasema kukaa kwa maana yenyewe: keti sakafuni karibu na kizimba robo saa asubuhi na robo saa jioni, ukifanya kazi yako, ukichambua sombe (majani ya muhogo) au ukisoma. Usiwaangalie machoni, usiingize mkono. Mimi humenya mapera. Siku ya tatu huwa wanajua kwamba mtu huyu akikaa, kuna harufu ya pera.

Kulisha kuwe saa zilezile kila siku. Nyasi ndizo chakula chenyewe, ziwepo mchana na usiku, kwa sababu meno yake hukua maisha yote na nyasi ndizo zinazoyasaga. Wakati wa mvua usilishe nyasi zilizolowa, wala zilizolundikwa hadi zikapata joto, zinamjaza gesi. Zitandaze kivulini zinyauke kwanza.

Kama sisi watu, kobaye hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Anahitaji karibu miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na jike mwenye mimba au mnyama aliyechoka huhitaji mara tatu ya hapo. Wakati wa kuhama wahesabu wote kuwa wamechoka. Kipande cha pera cha ukubwa wa kidole gumba kinamtosha mkubwa mmoja, kwa kuwa gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200. Pilipili hoho nayo ni nzuri. Usimumunyishe vitamini kwenye maji ya kunywa: inaharibika haraka, na maji yakibadilika ladha anaacha kunywa. Kishona-nguo kichanga wanakipenda sana, na majani ya mgomba pia. Lengalenga iwe kidogo, isiwe kila siku.

Usimpe kamwe avoka: tunda, jani, ganda, vyote ni sumu kwake. Parsele zetu nyingi zina mti huo, na majani yake huanguka kwenye nyasi tunazokata, basi chambua kwa mkono. Sombe mbichi, majani ya viazi mbatata na viazi vilivyochipua viache pia.

Siku ya nne anza kutoa jani kwa mkono. Akilichukua na kukimbia nalo, umeshinda. Siku ya tano au ya sita badilisha maranda, lakini nusu tu, na nusu nyingine ibaki hadi wiki inayofuata. Siku ya saba pima uzito. Kupungua gramu 20 au 30 baada ya kuhama kunanitia wasiwasi kidogo tu. Ikizidi 50, pima kila siku. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, ni mgonjwa, hata kama anaonekana mchangamfu.

Sikiliza pia. Mlio mrefu wa juu, "wiiii", unapofungua mlango ni wa kuomba chakula, na ukiusikia kwa mara ya kwanza chumba kipya, furahi. Mngurumo wa chini huku anatembea akitikisa makalio ni wa dume anayetongoza au kujitambulisha kuwa mkubwa. Meno yanayogongana haraka ni onyo: atenganishwe na anayemkabili. Kuhama huvuruga madaraka yao, kwa hiyo kufukuzana siku mbili za kwanza ni kawaida. Damu si kawaida.

Sungura wasichangie chumba hiki nao. Sungura anaweza kubeba vijidudu vya mapafu bila kuugua na kumwambukiza kobaye, tena teke lake moja linamvunja mgongo.

Dalili za hatari

Saa 12 bila kula chochote: chukua hatua. Mpe kile anachokipenda kupita vyote, msogezee mwenzake karibu, ondoa kinachomwogopesha. Ikikaribia saa 24, saga nyasi laini kwa maji uvuguvugu, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, weka pembeni mwa mdomo kidogo kidogo huku akitafuna, na mtafute veterinere siku hiyohiyo. Usimsukumie koo, na usimlishe hivyo kama tumbo limekuwa gumu kama ngoma, huyo apelekwe moja kwa moja. Vivyo hivyo kwa ute puani au machoni, kupumua kwa sauti, kichwa kuinama upande mmoja, kuhara.

Na tafadhali sana: usinunue antibiotiki famasi na kumpa kwa kukisia. Amoksisilini na ampisilini, ambazo karibu kila nyumba ina vidonge vyake vilivyobaki, zikipita mdomoni mwa kobaye huua vijidudu vizuri vya tumbo lake, vile vibaya vinajaa, na anakufa kwa kuhara siku chache baadaye. Nimeona familia mbili zikipoteza banda zima hivyo, kwa nia njema kabisa. Veterinere akikuandikia dawa, muulize wazi kama inafaa kwa kobaye.

Kumtoa kizimbani

Usifanye haraka. Mimi hungoja siku ya kumi, na kwa mwoga hata siku ya kumi na tano. Nyaya za umeme zinyanyuliwe, nyuma ya kabati pazibwe, mlango ufungwe na mtu mmoja asimame nje kuzuia wanaoingia. Tandika gunia lao la zamani sakafuni kama njia kutoka mlango wa kizimba hadi kwenye katoni nyingine yenye milango miwili, umbali wa mita moja. Fungua, kaa chini, ngoja. Mara ya kwanza atatoa pua tu. Kesho yake atakimbia hadi kwenye katoni na kurudi. Ongeza umbali kila siku kwa urefu wa gunia.

Kule Bagira dume letu jeupe lilichukua siku kumi na tisa. Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga manjanja kwa nguvu, nikawa nimeshasema leo hatoki. Akatoka mpaka katikati ya chumba, akasimama, kisha akaruka juu akijipinda hewani kama punje ya mahindi kwenye kikaango, mara tatu mfululizo, akarudi kula.